Moto Chini ya Kiti

Wanangu mlioko Houston, Columbus, Minneapolis na kwingineko Marekani, mnaoshika usukani wa malori ya watu kutafuta riziki, nina onyo moja kwenu. Linahusu kitu kidogo kinachokaa ndani ya kisanduku cha dharura, chini ya kiti au nyuma yake, ambacho wengi wenu hamjawahi kukifungua mkaona kilichomo. Nasema fleya, vile vijiti vyekundu vya moto vinavyowashwa barabarani usiku gari likiharibika.

Siku unapokabidhiwa lori la kampuni, utaonyeshwa matairi, breki, taa na kizimamoto, kisha utatia saini. Kisanduku cha dharura hupitiwa kwa jicho tu. "Kipo?" "Kipo." Basi, yameisha. Hapo ndipo ninapotaka usimame, mwanangu. Kifungue. Ukikuta fleya ndani, uliza kabla ya yote: gari hili linabeba nini, na injini yake inatumia nini? Jibu lake ndilo litakalokuambia kama kijiti kile ni msaada wako au ni hatari uliyoikalia, tena iliyokatazwa kwa sheria.

Tuanze na sheria yenyewe, maana vijana wengi nikiwauliza huniambia fleya ni lazima. Si lazima. Kanuni za shirikisho la Marekani zinazosimamia malori ya biashara zinataka kila lori na kila basi liwe na vifaa vya kuwaonya wenzako barabarani, lakini zinakupa hiari. Beba pembetatu tatu za kuakisi mwanga, au beba fleya zisizopungua sita, au taa tatu zinazowaka kwa mafuta. Ukiwa na pembetatu zako tatu zilizo kamili, mkaguzi wa mizani hana la kukuuliza. Magari madogo ya kampuni, yale yasiyofikia uzito wa paundi 10,001, yaani kama kilo 4,536, kwa kawaida hayaguswi na sharti hilo. Humo fleya inaingia kwa sababu mwenye kampuni ameamua, au kwa sababu dereva aliyekutangulia aliiacha.

Na hizo sita zisikudanganye. Sheria inasema anayetegemea fleya peke yake lazima awe na moto unaowaka katika kila mahali palipotajwa, muda wote gari likiwa limesimama. Mahali penyewe ni patatu. Chukua fleya ya dakika 30, gari likwame saa nne likisubiri fundi, kisha piga hesabu: vijiti 24. Zikiwa za dakika 20, ni 36. Ndiyo maana kanuni ileile inaongeza kwamba lazima ubebe nyingine za ziada za kutosha. Hiyo sita ni kianzio tu. Mwenye kampuni anayeona fahari kwamba kila gari lake lina fleya sita, bila pembetatu, hajawahi kulala barabarani Wyoming mwezi wa Januari. Pembetatu haziishi. Unazisimamisha na kurudi ndani ukajipashe moto.

Sasa twende kwenye lile linalonifanya niandike. Kuna magari ambayo hayaruhusiwi kabisa kutumia onyo lenye moto, wala kubeba fleya ndani yake. La kwanza ni lori lililobeba vilipuzi vya yale madaraja matatu ya juu, ambayo vitabu vyao vinayaita 1.1, 1.2 na 1.3. La pili ni lori la tangi linalotumika kwa vimiminika vinavyowaka, kama petroli, au kwa gesi inayowaka. La tatu, na hili ndilo linalosahaulika, ni gari lolote la biashara ambalo injini yake inaendeshwa kwa gesi iliyoshindiliwa.

Kuhusu tangi, sheria imeongeza maneno mawili ambayo ningependa yaandikwe kwenye mlango wa kila lori la mafuta: likiwa limejaa au likiwa tupu. Vijana hudhani kwamba tangi likishashusha mzigo hatari nayo imeshuka. Sivyo. Petroli haiwaki ikiwa maji, mwanangu, huwaka ikiwa mvuke, na mvuke huo hushika moto ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa iliyochanganyika nao. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa, tena imesheheni mvuke kupita kiasi. Lililoshushwa limebaki na masalia chini na hewa tele juu, na humo ndimo mchanganyiko unamokaribia kipimo cha kulipuka. Dereva wa tangi tupu anayewasha fleya hatua chache kutoka kwenye valvu zake ana bahati kila siku asiyolipuka.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hatukupaswa kufundishwa jambo hili na kitabu cha kigeni. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Waliokufa walipita 100. Miaka kumi kabla, tarehe 31 Januari 2009, ilikuwa Sachang'wan, karibu na Molo nchini Kenya, na huko nako waliangamia zaidi ya watu 100. Mimi siwataji marehemu ili kutisha watoto. Nawataja kwa sababu kanuni za Marekani zina kifungu kinachohusu jambo hilihili: mafuta au gesi ikivuja kutoka kwenye gari lililosimama, mtu asiwashe wala kuweka alama yoyote yenye moto ila kwa umbali unaohakikisha hakutatokea moto wala mlipuko. Angalia, hapo hakuna tena kubagua lori la tangi na lori la viazi. Hata lori lako la viazi lina matangi yake ya dizeli, na aliyekugonga huenda ana petroli inayotiririka chini ya gari lake hadi kwako. Kwa hiyo ukishuka, kabla hujagusa kisanduku, nusa. Kisha piga tochi chini ya magari yote mawili. Palipo na harufu ya mafuta, fleya haina kazi.

Kilicho kigumu zaidi ni kampuni yenyewe, maana magari yake hubadilika. Leo unaendesha lori la dizeli, una fleya zako, huna kosa. Kesho mpangaji safari anakupigia simu alfajiri, anakwambia chukua lile jipya lililoegeshwa mwisho wa yadi. Wewe ni dereva mzuri, una mazoea ya kuhamisha vitu vyako: mto, birika, chaja, tochi, na kile kisanduku chako ulichokizoea. Lile jipya ni la gesi. Umeshaivunja sheria kabla hujatoka getini, na hujui. Makampuni mengi huko yamenunua malori ya gesi asilia, na hata kwetu Dar es Salaam gari la gesi si kioja tena. Kwa hiyo rai yangu kwa wenye makampuni, kama kuna mmoja anayenisoma, ni kwamba kisanduku kiwe cha gari, kisiwe cha dereva. Kiandikwe namba ya gari, kibaki humo. Na kampuni iliyo na hata tangi moja au gari moja la gesi iachane na fleya katika magari yote. Pembetatu hazikosei gari.

Pengine utauliza, kijiti cha karatasi kitafanya nini? Ndani ya ile karatasi kuna nitrati ya stronti, ambayo ndiyo inayoupa moto ule wekundu wake, kuna salfa, kuna pakloreti ya potasiamu, na vitu vya kuungua kama unga wa mbao na nta. Pakloreti na nitrati kazi yake ni kutoa oksijeni. Maana yake ni kwamba moto huu umebeba hewa yake mwenyewe. Ukiufunika, hauzimi upesi kama ulivyozoea kuona moto ukizimwa. Joto lake ni zaidi ya mara mbili ya lile linaloyeyusha aluminiamu, ambalo ni nyuzi 660, na unapowaka hudondosha matone ya uji wa moto. Na mfuniko wake una sehemu ya kukwangulia kama ubavu wa kiberiti. Mtu akiacha mifuniko imelegea ndani ya sanduku moja na spana na minyororo, gari likirukaruka siku nzima, anajitafutia.

Kwa hiyo zinapobebwa kihalali, zibebwe kwa adabu. Zikae ndani ya kifungashio zilichotoka nacho kiwandani au kingine chenye uimara sawa, kiandikwe wazi kilichomo, kifungwe kisitembee gari linapokata kona. Zisikae mahali pamoja na makopo ya rangi ya kupuliza, petroli ya mashine ya kukata majani, maji ya betri wala matambara yenye oili. Zisiachwe juu ya dashibodi jua la Arizona linapopiga kioo. Unyevu nao ni adui: fleya iliyolowa ikakauka huenda isiwake siku unayoihitaji, na iliyopasuka karatasi au kuvuja unga haifai kubaki garini hata siku moja. Angalia tarehe iliyochapishwa juu yake. Na weka sanduku mahali utakapoweza kulifikia mlango wa upande mmoja ukigoma kufunguka, jambo ambalo hakuna anayelifikiria mpaka gari limelala ubavu.

Kuna sheria nyingine ya upande wa bidhaa hatari, na hii inawahusu hata wenye magari madogo: mafundi umeme, wakandarasi wa barabara, watu wa kuvuta magari mabovu. Fleya za kawaida za barabarani zimewekwa katika kundi la yabisi zinazowaka, yaani 4.1. Mtu anayezibeba kwa usalama wake mwenyewe au kwa kulihudumia gari lake anapewa nafuu. Hahitaji hati za usafirishaji, wala mabango ya hatari ubavuni mwa gari, wala mafunzo rasmi. Lakini nafuu hiyo ina mipaka. Kwa kundi hili, kifurushi kimoja kisizidi kilo 30, na ukijumlisha bidhaa zote za namna hiyo garini, uzito usizidi kilo 200. Tena kampuni inawajibika kumwambia dereva kwamba vitu hivyo vimo garini, na masharti yake ni yapi. Hili la kuambiwa lidai. Si hisani.

Sasa sikiliza hila inayowakamata watu. Msimamizi anakuja na makatoni, anasema, "Unapita yadi ya kule? Wapelekee hizi fleya." Wewe ni mtu wa heshima, hutaki kuonekana mbishi, unapakia. Hapo mambo yamebadilika. Zile fleya si zako tena za kujilinda wala za kuhudumia gari lako. Ni mzigo, umesafirisha bidhaa hatari kwa ajili ya mtu mwingine, na masharti ya mzigo yanaanza: hati, alama, mafunzo. Jibu la adabu lipo: "Bosi, naomba unipe karatasi zake." Akikosa karatasi, makatoni yabaki. Mimi nimeona vijana wetu wakiogopa kumuuliza bosi swali kwa kuwa Kiingereza chao hakijanyooka au vibali vyao bado havijakaa sawa. Swali hilo ni fupi. Lijifunze.

Wala usichanganye fleya za barabarani na zile za boti. Mtu mwenye boti ya kuvulia ziwani huona ni werevu kuchukua zile fataki za kurusha angani zilizopitwa na wakati na kuzitumbukiza kwenye lori. Nyingi kati ya hizo zimepangwa katika kundi la vilipuzi, na nafuu niliyoieleza haizigusi. Za boti zibaki kwenye boti.

Kuhusu kuziwasha fleya za barabarani nitasema machache, maana mwenye kuhitaji atasoma maandishi yaliyo juu ya kijiti. Simama upepo ukikupiga kisogoni, kwa kuwa moshi wake una salfa na unakaba. Kwangua kwa kusukuma mbali na mwili, uso umegeuza pembeni, ncha imeelekea chini na mbele yako. Ilaze kwenye lami au kokoto, mahali isipobingirika. Kamwe usiiweke kwenye majani. California mwezi wa Agosti, nyasi za kando ya barabara hungoja kisingizio tu, na moto ulioanzia kwenye lori la kampuni utakuwa na jina la kampuni na jina lako. Ukitaka kuondoka, kanuni inakutaka uzime na uondoe kila fleya kabla ya gari kusogea. Igonge ncha inayowaka kwenye lami mpaka imeguke. Usiikanyage kwa kiatu.

Vipimo vya kuweka alama, ziwe fleya au pembetatu, viko kwa hatua za miguu, na hapo waliotunga sheria nawapongeza, kwa kuwa hakuna dereva anayetembea na futi kamba. Una dakika 10 tangu uliposimama. Alama moja hatua 4 kutoka kwenye gari, upande magari yanakopita, ambao Marekani ni kushoto kwako, si kulia kama ulivyozoea Tanzania au Kenya. Ya pili hatua 40 nyuma, yanakotoka magari. Ya tatu hatua 40 mbele. Hiyo ni kwa barabara ya kwenda na kurudi. Kwa barabara iliyogawanywa au ya kwenda upande mmoja, zote tatu zinakwenda nyuma: mita 3, mita 30, mita 60. Penye kona au kilima kinachokuficha, ile ya upande uliofichika unaisogeza, kuanzia mita 30 hadi 150. Unapotembea kuzipeleka pembetatu, zishike mbele yako zikitazama magari yanayokuja, na rifleksa iwe mwilini, isiwe imetundikwa kwenye kabini.

Nisije nikaonekana mzee asiyetaka kitu kipya wala cha zamani, nitakiri sifa ya fleya. Pembetatu huonekana mwanga wa gari linalokuja unapoifikia. Fleya inang'aa yenyewe. Katika ukungu mzito, au gari lilipolala baada tu ya kona na taa zake zote zimekufa, dakika mbili za ule wekundu zinaweza kumpunguza mwendo mtu ambaye pembetatu asingeiona mapema. Kama gari lako ni la dizeli, mzigo wako ni wa amani, kampuni imeruhusu na hakuna mafuta yanayovuja, washa moja ikulinde wakati unapanga pembetatu. Huo ndio utaratibu ninaouheshimu. Vile vitaa vya betri vinavyomulika navyo ni vizuri, lakini kwa kawaida sheria inavihesabu kuwa vya nyongeza. Havichukui nafasi ya vile vilivyotajwa.

Na msiwacheke wenzenu wa huku wanaotupa matawi ya miti barabarani lori likikwama Kitonga au Mai Mahiu. Tawi lina maana, kila dereva wa njia hizo analielewa. Ubaya ni mawe yanayowekwa kuzuia matairi na kuachwa hapohapo gari likishapona, mpaka pikipiki ya usiku inayakuta. Ni ukatili wa kusahau, na dereva wa Marekani anayeondoka akaacha fleya ikifuka kandokando ya shamba la ngano ni ndugu wa huyo aliyeacha mawe.

Fleya zikishazeeka zinatupwaje? Si kwenye pipa la takataka la kituo cha mafuta, na si kuzichoma zote nyuma ya yadi siku ya Jumapili kama fataki za harusi. Ile pakloreti huyeyuka katika maji kwa urahisi na kusafiri nayo ardhini. Ikiingia mwilini kwa wingi huzuia tezi ya shingoni kupata madini joto. Fleya ambayo haijawaka na kupondwa na magari huacha pakloreti nyingi kuliko iliyowaka ikaisha, kwa hiyo hata kijiti kilichodondoka barabarani kiokote. Mtu binafsi hupeleka kwenye siku au vituo vya kukusanya taka hatari za majumbani ambavyo wilaya nyingi zinavyo. Kampuni haina ruhusa ya kujificha nyuma ya majumba ya watu. Inatakiwa impe mshughulikiaji wa taka hatari, na gharama ni yake, si yako.

Limebaki moja, nalo nalisema kwa sababu nawajua. Mnapokuja likizo mnapenda kujaza masanduku, na kuna mjomba Mbagala au Kariobangi ambaye gari lake huzimika kila wiki na anasikia mna vijiti vinavyowaka rangi nyekundu. Fleya hairuhusiwi kupanda ndege, si kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku linaloingia chini. Mkaguzi wa uwanja wa ndege hatasikiliza habari za mjomba. Mpelekee pembetatu. Zinakunjika, zinaingia chini ya vitenge, na usiku huohuo anaweza kuzitumia.